Mguu wa Kushoto wa Fisi

Kwa ile kazi ya mifupa, wenzake darasani walichagua wanyama wa maana: sungura, kuku, paka aliyejifia. Kiilu wa Kikima, bingwa wa njia za mkato, alinunua mbuzi mzima, akala nyama kwanza na rafiki zake, kisha akaleta mifupa darasani ikiwa bado inanukia pilipili. Ni Kalondu peke yake, Kalondu wa Kanyangi, aliyesimama mbele ya watu na kusema yeye anataka fisi. Jamani! Darasa zima lilicheka, na Kiilu akamwuliza kama atamla kwanza.

Lakini tusimcheke haraka. Msichana huyu alikuwa na hamu ya udaktari tangu utotoni. Mtihani wa kidato cha nne ulimnyima kwa alama chache, chache za kuudhi, akapewa biolojia katika chuo kimoja pale Kitui. Wengine hapo hulia, wakazoea, wakaendelea na maisha. Yeye alipanguza machozi akauliza kama kuna mlango mwingine. Akaambiwa upo: kuna chuo cha udaktari kinachochukua watu waliokwisha kupata digrii ya sayansi, mradi ni digrii ya daraja la kwanza. Ukiwa na daraja la pili, mwanzo wa mwaka wanakurudisha nyumbani na shikamoo yako. Basi biolojia yote Kalondu aliisoma akiutazama mlango huo. Panzi alimpasua, chura akampasua, kemia ya damu akaikariri akiwa anafua nguo. Huko kanisani kwao walishaanza kumwita Daktari, na jina hilo lilimpendeza na kumtia hofu kwa pamoja.

Kufikia mwaka wa mwisho alama zake zilikuwa zimekaa ukingoni kabisa mwa daraja la kwanza, pale ambapo upepo tu ungeweza kumwangusha. Kilichobaki ni kazi ya Dokta Wangechi. Huyo alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, na asiye na huruma hata kidogo. Kila mwanafunzi alitakiwa kutayarisha kiunzi kamili cha mnyama: amsafishe mwenyewe, ampange mfupa kwa mfupa, na kila mfupa autaje akiulizwa.

"Nikisema kamili ni kamili," aliwaambia. "Siku moja utakuwa na mgonjwa mbele yako. Utaniambia mkono wake mmoja umeusahau kwa gari?"

Mnyama mgumu alikuwa na alama zake za ziada. Ndiyo maana fisi. Ukimwuliza Kalondu hata leo atakuambia ni alama tu, hakuna kingine kilichomvuta, na anaposema hivyo hakutazami usoni.

Fisi mwenyewe alitoka Salama, pale njia panda kwenye barabara ya Mombasa, ambako malori hayangoji mtu wala mnyama. Njogu alikuwa na kibanda cha kuziba pancha pale. Zamani alikuwa utingo wa lori la marehemu Musyimi, baba yake Kalondu, na tangu mazishi hakuacha kuipigia familia simu. Kalondu alimwita Baba Wariara, kwa jina la binti yake mkubwa.

"Msichana wangu," Njogu alisema kwa simu, "yule mtu wako amepatikana. Amegongwa alfajiri. Lakini niulize tu, ni lazima awe fisi? Hapa kuna punda pia."

"Baba Wariara, punda hana alama."

"Haya. Wewe ndiye daktari."

Dokta Wangechi alitafuta kibali kwa watu wa wanyamapori, kikatoka, na Njogu, ambaye alikuwa anapeleka matairi Kitui, akaongeza safari mpaka Kanyangi na fisi nyuma ya pikapu chini ya turubai. Alimshusha akiwa amegeuza uso. Akakataa chai, jambo ambalo Njogu hajawahi kufanya katika boma lolote la Ukambani, akawasha gari akaenda.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Mama yake, Mutindi, alikuwa kwenye kongamano la akina mama wa kanisa. Nyumbani alibaki Susu peke yake, yaani nyanya, Mbithe kwa jina, mzee ambaye macho yalikuwa yamemwisha na ambaye hakuinuka kwenye kigoda chake bila kushikwa mkono. Kalondu alivaa glavu, akamchuna fisi, akaondoa nyama. Mwili na kichwa akavifunga kwa wavu wa kuku, ili vikae ardhini mpaka wadudu wamalize kazi. Ile miguu minne, kwa sababu vifupa vya vidole ni vidogo na hupotea upesi, aliitia kila mmoja katika kimfuko chake cha katani. Hapo ndipo alipokosea, na angalieni kosa lenyewe: mtoto aliyezaliwa Kanyangi, aliyeona mchwa wakila mlango wa nyumba hadi ukaanguka, anazika katani ardhini akitarajia kuikuta.

Kosa la pili lilikuwa mahali. Mvua zilikuwa zimekataa, shamba lote gumu, jembe linaruka. Lakini nyuma ya ghala la zamani, kando ya mstari wa makonge, kulikuwa na kipande cha udongo laini ambacho hakikuwahi kupandwa chochote. Tangu azaliwe, Kalondu aliwaona watu wa boma wakikizunguka wanapopita, na yeye akazoea kukizunguka, wala hakuwahi kuuliza kwa nini. Siku hiyo aliona bahati tu. Alichimba kwa urahisi, na hakuchimba sana.

"Kalondu," Susu aliita kutoka kwenye kigoda chake. "Nasikia jembe. Unachimba wapi?"

"Nyuma ya ghala, Susu."

Kisha mzee akauliza taratibu, "Unazika nini hapo?"

"Fisi. Ni wa masomo."

Susu alianza kucheka. Alicheka kicheko chembamba kisichoisha, mabega yakimtetemeka, hadi Kalondu akaacha jembe akaenda kumtazama. Mzee alikuwa amejifunika leso kichwani, na uso ndani yake ulikuwa umelowa machozi.

"Amekuja mwenyewe," alisema. "Tukamdanganya, tukadhani tumemdanganya, na sasa amekuja mwenyewe. Tena umemfungulia mlango wewe."

Kalondu aliona ni uzee. Alimpa uji, akarudi kufukia, akatandaza nyasi kavu juu ili mbwa wasifukue. Mama aliporudi na kuuliza yule mnyama wa masomo ameenda wapi, alijibu kuwa amezikwa shambani. Mutindi akadhani ni lile shamba la kule chini mtoni. Susu alisikia, akamwacha adhani hivyo.

Simu zilianza Kalondu akiwa chuoni.

"Kuna fisi anakuja hapa," mama yake alisema mara ya kwanza.

Kalondu alikaza sauti. "Amechimba mahali?"

"Hilo ndilo linanishangaza. Hachimbi. Mbuzi hajaguswa. Anazunguka ghala, halafu analala hapo nyuma. Asubuhi nakuta nyasi zimelala na nyayo zimezunguka kama za mtu anayechunga."

Kalondu alimweleza habari za harufu, jinsi wanyama wanavyovutwa nayo. Alieleza vizuri sana, kwa sauti ya darasani, lakini mwenyewe hakuyaamini. Alijua fisi ni mnyama wa namna gani. Fisi akinusa mzoga huufukua. Halali karibu nao usiku kucha kisha akaondoka na njaa yake.

Mara ya pili Mutindi hakusalimu hata.

"Leo nikiwa naanika nguo, saa sita mchana, jua la utosi, kitu kimelia nyuma ya ghala."

"Ni yule fisi, mwaitu," Kalondu alisema. Mwaitu ndiyo mama kwa Kikamba.

"Sijasema fisi. Fisi namjua. Kilikuwa kinalia kama kimechoka kulia. Nimeita watu wa maombi. Wewe soma."

Watu wa maombi walikuja, wakaimba, wakalizunguka boma lote wakikemea. Walipofika nyuma ya ghala Mutindi aliwaambia hapo inatosha, waende wakanywe chai.

Mvua za Novemba zikanyesha na kupita, na Kalondu akarudi nyumbani kuchukua mifupa yake. Alichagua alasiri ambayo mama alikuwa sokoni. Alianza na ule mwili, akautoa na wavu wake, na lo, kazi ilikuwa safi ajabu! Mbavu, uti wa mgongo, taya lile la kutisha, vyote vyeupe. Alijikuta anacheka peke yake. Aliliona daraja la kwanza, akauona ule mlango umefunguka, akajiona amevaa koti jeupe.

Kisha akatafuta miguu. Katani haikuwapo. Mchwa walikuwa wameila yote, na vifupa vilikuwa vimezagaa udongoni. Miguu mitatu aliipata bila taabu, kila mmoja pale ulipozikwa, akaitia kwenye mikebe. Ule wa mbele wa kushoto ndio ulioshuka. Mvua ilikuwa imefungua ufa hapo, vifupa vimezama. Alileta wavu wa kuchekechea mchanga, akaongeza kina.

Cha kwanza kilichobaki kwenye wavu kilikuwa kidole cha fisi. Akakitia mkebeni. Cha pili kilikuwa ubavu mwembamba, umepinda, mfupi kuliko kidole chake mwenyewe. Panya, akawaza, akauweka kando. Cha tatu kilikuwa kipande bapa, chepesi kama ganda la yai, kimepinda taratibu upande mmoja. Alikipindua mara mbili. Panya hana kichwa kikubwa hivyo. Cha nne kilikuwa mfupa mrefu mdogo, mnyoofu, usio na ncha. Haukuwa umevunjika. Ulikuwa umezaliwa hivyo, kwa sababu ncha za mifupa ya mtoto mchanga bado ni gegedu, na gegedu huoza. Jambo hili Dokta Wangechi alilifundisha muhula wa pili, na Kalondu ndiye aliyejibu swali lake.

Alikaa chini pale pale. Upepo uliokuwa ukitikisa makonge ulikoma. Kuku waliokuwa wakiparua karibu naye hawakuwapo tena, na hakuwasikia wakiondoka. Mkononi alikuwa na paja la mtoto wa mtu.

"Huyo usimtie kwenye mkebe wako," sauti ilisema nyuma yake. "Huyo si wa masomo."

Susu alikuwa amesimama kwenye kona ya ghala. Kigoda kilikuwa mbali, kule upande wa jikoni, na hakukuwa na mtu wa kumshika mkono. Alisimama wima kabisa. Macho yake yasiyoona yalikuwa yameelekezwa sawasawa pale mfupa ulipo.

"Ni nani, Susu?" Kalondu alinong'ona.

"Ni wakubwa zako. Watatu. Kila mmoja alizaliwa mzima, akanyonya, akacheka, na kabla ya kukaa akafa. Tuliwalaza hapo. Mchungaji alisema watoto wako mbinguni na habari iishie hapo, mama yako akameza ulimi. Halafu ukaja wewe." Mzee alisogea hatua moja bila kupapasa. "Mimi sikungoja mchungaji. Kulipopambazuka mimi na mama yako tulikubeba mpaka njiani, tukakulaza chini. Nikasema, fisi, huyu ni wako, sisi hatumtaki. Mama yako akageuka akaondoka, haruhusiwi kutazama nyuma, na wewe unalia. Jirani akapita kama tulivyopatana, akakuokota, akakuleta hapa kama kitu cha kuokota. Tangu siku hiyo kifo kikija kinaambiwa huyu ana mwenyewe. Ndiyo maana uko hai."

Kalondu alitaka kucheka au kubisha. Lakini alikuwa na ndoto moja aliyoota tangu utotoni, ya vumbi karibu sana na uso na mgongo wa mtu unaoondoka, na hakuwahi kumwambia yeyote.

Walikuwa bado hivyo Mutindi alipotokea na kikapu cha soko. Aliliona shimo. Aliuona wavu, na kilichokuwa juu yake. Kikapu kilianguka, nyanya zikabiringika mpaka ukingoni mwa shimo, na hakuna aliyeziokota.

"Uliniambia mtoni," alisema.

"Sikusema mtoni, mwaitu. Nilisema shambani. Sikujua. Hakuna aliyewahi kuniambia!" Sasa Kalondu alikuwa analia kwa hasira. "Mnakizunguka miaka yote, mnanifundisha nikizunguke, na hakuna hata mmoja wa kuniambia ni kwa nini!"

Mutindi alipiga magoti kwenye udongo na nguo yake ya sokoni, akanyoosha mkono, na Kalondu akamwekea ule mfupa kiganjani. Mama aliutazama muda mrefu. Kisha akaurudisha, akaufunga kwenye mkono wa binti yake kwa mikono yake yote miwili, na akauliza swali ambalo alikuwa amelibeba tangu kabla Kalondu hajazaliwa.

"Wewe unasomea mifupa. Niambie walikufa na nini."

Ee Mungu. Kalondu aliuinua mfupa kwenye mwanga kama alivyofundishwa. Alitazama unene wake, alitafuta kupinda, alitafuta alama, tundu, ufa, chochote. Alisaka kichwani kila kitu alichokariri miaka hiyo yote. Mama yake alikuwa anamtazama mdomoni. Susu naye alikuwa ameinamisha sikio. Hata ule uwanja wote, makonge na ghala, ulionekana kusubiri.

"Sijui, mwaitu," alisema mwishowe. "Haya niliyosoma hayafiki huko."

"Ni mimi niliwaua? Ni maziwa yangu?"

"Sijui. Sidhani. Lakini sijui."

Mutindi aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeambiwa arudi kesho. Kisha akatazama mkebe wa mguu wa kushoto, uliokuwa na kidole kimoja tu ndani.

"Hivyo vingine viko humo humo?"

"Viko humo, vimechanganyikana nao. Nikitaka kuvipata lazima niwatoe wote." Alivuta pumzi. "Nisipovipata kazi yangu haijakamilika, na daraja la kwanza limekwenda."

Mama hakumwomba. Angemwomba, pengine ingekuwa rahisi kukasirika naye. Alibaki amepiga magoti, mikono mapajani, ametazama udongo. Kalondu alilitazama shimo. Kazi ya nusu saa tu, na wavu uko hapo. Alijua thamani ya kila kifupa mle ndani kwa alama.

Alichukua ubavu, ganda la kichwa na ule mfupa mrefu, akavirudisha chini kwa mkono. Akakitoa kile kidole cha fisi mkebeni akakirudisha pia. Kisha akaanza kufukia, na mama yake akamsaidia kwa viganja. Walipomaliza waligeuka na kumkuta Susu ameketi chini nyuma yao, hawezi kuinuka, akiuliza ni nani aliyemleta huku.

Siku ya kukaguliwa, fisi wa Kalondu alisimama juu ya meza ndefu ya maabara, na hata Kiilu hakuwa na utani. Dokta Wangechi alipita na kalamu yake akianza kichwani. Aliuliza, Kalondu akajibu, mfupa kwa mfupa, bila kukwama. Kalamu ilishuka begani, ikashuka mkononi, ikaishia hewani.

"Mguu wa mbele wa kushoto uko wapi?"

"Umebaki nyumbani, madam."

"Umeupoteza?"

"Hapana. Najua ulipo."

"Kwa hivyo nenda ukaulete. Nakupa mpaka Ijumaa. Kalondu, unajua hapa tunazungumzia daraja lako."

"Najua, madam. Siwezi kuuleta."

Dokta Wangechi alimtazama kwa muda. Labda aliona kitu, labda hakuona. Aliandika alama zake, na alama zikawa kama alivyoonya. Matokeo yalipotoka, Kalondu alikuwa amepata daraja la pili, juu kabisa ya daraja la pili, mahali pabaya kuliko pote pa kusimama. Aliingia chooni akalia hadi akatapika. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa Dokta Wangechi kuuliza kama kuna mlango mwingine tena.

"Kuna shahada ya pili, ile ya uzamili," alisema Dokta. "Uisome, uifanye vizuri, kisha uombe upya. Ni njia ndefu na haina ahadi. Wengi huchoka."

"Nitaanza lini?"

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya paa za Kitui, aliwapigia nyumbani. Aliogopa kumwambia mama, lakini alimwambia yote. Mutindi alisikiliza mpaka mwisho.

"Yule fisi bado anakuja?" Kalondu aliuliza, ili kuwe na kitu kingine cha kusema.

"Anakuja," mama alijibu. Sauti yake haikuwa na hofu tena. "Lakini siku hizi anaacha unyayo mmoja tu. Kila asubuhi naukuta, mguu wa mbele wa kushoto, umelizunguka lile shimo lote, mmoja, mmoja, mmoja. Mingine haipo. Watu wa maombi nimewaambia wasije."

Kalondu alitazama dirisha la maabara, pale ambapo kiunzi kilikuwa bado kimesimama juu ya meza kwa miguu yake mitatu.

"Na kile kilio cha mchana?"

"Kimenyamaza. Kilinyamaza siku ile uliposema hujui." Nyuma ya sauti ya mama, Kalondu alimsikia Susu akinong'ona kitu kwa Kikamba, na mtu kama anaitikia. "Hayo masomo mengine, utayaanza?"

"Nitayaanza, mwaitu."

"Basi soma," mama alisema. "Wakubwa zako wanangoja."